Swali la Kona ya Kiwiko

Jina la Bi Mizani alipewa na mumewe, naye alilivaa kwa miaka ishirini na kitu kama mtu avaavyo nguo yake nzuri kuliko zote. Ukimuuliza limetoka wapi, alikuambia bila kusita. Siku ya kwanza alipopakiwa nyuma ya pikipiki, bibi harusi wa juzi tu, mume alishuka, akavua helmeti, akamtazama sana, akasema, "Mke wangu, wewe ni mizani." Tangu hapo mtaa mzima ukamwita hivyo, na yeye akaelewa kwamba amesifiwa kwa kukaa vizuri. Mume hakuwahi kusema vinginevyo, na mwanamume mwenye akili hujua lini anyamaze.

Mume huyo alikuwa Fundi. Mafundi mtaani pale walikuwa tele, wa mabomba, wa redio, wa viatu, lakini ukisema Fundi na kuishia hapo, watu walijua unamtaja mtengenezaji wa vyerehani. Kazi yenyewe ilikuwa ya watu wawili. Asubuhi walipanda pikipiki, yeye mbele, mkewe nyuma na sanduku la vyombo mapajani, wakaupanda mlima kwenda kwa washonaji wa kule juu, ambao walikuwa wengi na vyerehani vyao vikongwe. Fundi akikaza hiki na kulegeza kile, Bi Mizani aliwauzia washonaji haohao nyuzi, vifungo na zipu, akapata na habari za mji mzima bila gharama.

Katikati ya mlima ilikuwepo kona. Watu waliiita Kiwiko, kwa sababu barabara ilijikunja pale kama mkono wa mtu anayejikuna bega. Ukipanda, mkono wa kushoto una ukuta wa mwamba. Mkono wa kulia, ng'ambo ya barabara, ni majani machache halafu korongo. Kila walipoingia Kiwiko, Fundi aliuliza bila kugeuza kichwa, "Upo?" Bi Mizani alisogea mbele, akaweka kidevu begani kwa mumewe, akamjibu sikioni, "Nipo."

Ikawa hivyo kila siku, kwenda na kurudi. Wanawake wenzake walipolalamika kwamba waume zao hawajui hata kuuliza umeamkaje, yeye alikata uzi kwa meno akanyamaza. Wake alikuwa anauliza.

Kisha jicho likaingia katikati. Lilianza kama mzaha. Fundi aligonga toroli la jirani kwa upande wa kulia, akamlaumu jirani. Akagonga mlango wa nyumba yake mwenyewe, akamlaumu seremala. Siku aliponyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai akashika hewa, hakubaki mtu wa kulaumiwa, na mkewe akampeleka hospitali ya macho. Daktari alisema presha ya macho imekwisha kulila jicho la kulia, na la kushoto limebaki kuona ya mbele tu, ya pembeni giza. Dawa ingelinda kilichobaki. Vyerehani angeweza kutengeneza, maana cherehani kinakaa mbele ya pua. Kuendesha pikipiki basi.

Fundi alilipokea hilo bila neno. Mtu aliyekuwa akitania mpaka bisibisi zake sasa alikaa barazani kwenye kiti cha plastiki, sanduku miguuni, akizitoa bisibisi moja moja na kuzirudisha. Simu ilipolia, mshonaji wa huko juu akisema cherehani chake kinaruka nyuzi, Fundi alijibu, "Nitaangalia," akakata. Magari ya abiria yalipanda kule siku za soko kubwa tu, na kukodi dereva kila siku kungekula pato lote la kazi. Polepole simu zikapungua.

Kile kimya kilimtisha Bi Mizani kuliko lile jicho. Baba yake mwenyewe aliwahi kukaa kwenye kiti namna ile alipoachishwa kazi, akakaa, akakaa, mpaka siku moja wakaona kiti kimemmaliza. Alimpenda mume wake, na hakuwa tayari kumwachia kiti.

"Nitaendesha mimi," alisema asubuhi moja, akimimina chai. "Wewe utakaa nyuma."

Fundi alicheka, na kwa kuwa alikuwa hajacheka muda mrefu, kicheko kilitoka na kikohozi. "Mizani, samaki hukunjwa angali mbichi."

"Mimi sijakauka. Kunywa chai."

Aliyekuja juu alikuwa binti yao. Huyu alifanya kazi hospitalini, chumba cha plasta, na kutwa nzima aliwafunga watu mikono na miguu iliyovunjika. Alipopata habari alifika na sare zake za kazi, hajavua hata viatu.

"Mama, nusu ya watu ninaowafunga wameletwa na pikipiki."

"Na nusu ya pili?"

"Wameteleza kwenye ngazi."

"Basi mimi na ngazi tumekwisha kuachana."

Binti hakucheka. Alimpenda mama yake, na mapenzi yake, kama ya wengi wanaofanya kazi hospitalini, yalikuwa na makali. Mwishowe alikubali kwa shingo upande na kuweka sharti. Mama afundishwe na mwalimu hasa, si baba. Na siku mmoja wao atakapofika kwake ameumia, hata kama ni mchubuko, pikipiki inauzwa na hakuna mjadala. Fundi akasema sawa. Bi Mizani akasema sawa, kwa sauti ndogo zaidi.

Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya filimbi, aliyepeleka vifurushi kwa pikipiki nusu ya maisha yake, na wanafunzi wake walimwita Kamanda. Alifundishia kwenye uwanja wa mpira, akipanga ndoo kuukuu ziwe kona. Kwenda moja kwa moja Bi Mizani alikujua upesi. Klachi alizoea, gia alizoea, kusimama alizoea baada ya kulala chini mara kadhaa kwa heshima zote. Kona ndizo zilizomtoa jasho. Kila alipoikaribia ndoo aliikodolea macho asije akaigonga, na kila mara aliigonga.

"Mama, unatazama nini?" Kamanda aliuliza, akiinua ndoo kwa mara nyingine.

"Ndoo."

"Ya nini?"

"Nisiigonge."

"Na umeigonga."

"Nimeigonga, mwanangu, ndiyo, nimeiona ikija."

"Haikuja. Wewe ndiye uliyeifuata. Pikipiki inakwenda macho yanakokwenda. Ukitazama shimo, shimoni. Ukitazama ukuta, ukutani. Tazama unakotaka kutokea, halafu iache ikupeleke."

Neno hilo lilimchoma kidogo Bi Mizani, aliyemwacha nyumbani mtu anayepoteza macho. Hata hivyo alilishika. Alishika na mengine. Mwendo hupunguzwa kabla ya kona, si ndani yake. Gia ndogo mapema. Ukishaingia, vidole mbali na breki, mafuta kidogo na sawasawa, usishtukeshtuke. Halafu ulale nayo.

Hilo la kulala ndilo lililomshinda. Pikipiki ikianza kuinama kushoto, kiwiliwili chake kilikimbilia kulia bila kumuuliza, kama mtu anayezuia kabati lisianguke.

"Unakwenda wapi?" Kamanda akapiga kelele.

"Naisawazisha!"

"Kwenye kona haisawazishwi, mama. Inalazwa. Inama nayo."

"Mbona nyuma ya mume wangu nilikuwa nafanya hivihivi na hatukuanguka hata siku moja?"

Kamanda alifungua mdomo, akaufunga. "Mume wako," alisema baadaye, "anajua sana kuendesha."

Bi Mizani alilichukua hilo kama sifa kwa nyumba yake, akaendelea. Akalala, akanyanyuka, akalala tena, mpaka kiuno kikasahau ukaidi. Fundi alianza kuja uwanjani akiongozwa na fimbo na mazoea, akakaa kwenye benchi la wachezaji, akasikiliza. Hakuhitaji kuona. "Umeshika breki ndani ya kona," alimwambia mkewe akipita. Au, "Hiyo ilikuwa nzuri. Injini haikulalamika." Na hapo uso wake ulikuwa uso wake wa zamani, na Bi Mizani angezunguka ndoo zile mpaka mwisho wa dunia ili auone.

Leseni ikapatikana. Asubuhi ya kwanza Fundi alivaa koti lake la kazi, akalishika sanduku kama mtoto aliyenunuliwa viatu, akapanda nyuma. Walitoka mtaani watu wakiwapungia. Kwenye barabara iliyonyooka mambo yalikuwa shwari. Kwenye kona ndogo za mwanzo wa mlima Bi Mizani alihisi pikipiki nzito, mbishi, inataka kwenda nje, akajiambia ni uzito wa mtu na sanduku.

Kiwiko kikaja. Alipunguza mapema, akashusha gia, akatazama barabara inakotokea, akalala. Pikipiki ikakataa. Akaizidishia kulala, nayo ikazidi kutanuka, ikavuka katikati ya barabara, na pale mbele lori la mchanga lilikuwa linashuka likipiga honi. Walipita mbele ya pua yake. Wakaingia kwenye majani ya ukingoni, tairi likateleza, wakalala ubavu karibu na korongo kuliko ninavyopenda kusimulia.

Hawakuvunjika kitu. Fundi alichubuka kiwiko, kana kwamba kona imejilipa kwa jina lake. Lakini Bi Mizani alikaa kwenye majani, akatazama kule chini, na hakuweza kusimama mpaka mume wake alipompapasa mkono, akamshika, akamwinua.

Jioni binti alisafisha mchubuko. Alipomaliza kufunga bendeji alisema, "Tulikubaliana."

"Tulikubaliana," Fundi akaitikia. Akatoa funguo mfukoni, akaziweka mkononi mwa bintiye. "Mama yako anaendesha vizuri. Nimemsikiliza uwanjani. Ni mimi. Mimi nimekuwa mzigo mzito, na mzigo mzito hushushwa."

Akatoka barazani, akakikalia kile kiti.

Bi Mizani alisikia kiti kikilia, na moyo wake ukalia nacho. "Nipe mpaka Jumapili," alimwambia bintiye.

"Mama."

"Sitampakia baba yako barabarani mpaka Jumapili. Uwanjani tu. Jumapili, usiporidhika, uza, tena nitaiosha mimi mwenyewe iwe safi kwa mnunuzi."

Binti alimtazama mama yake, kisha akatazama nje kwenye kile kiti. Akamrudishia funguo.

Kesho yake Kamanda alisikiliza kisa chote akikuna kidevu. Hakutoa hotuba. Alileta gunia la mchanga, wakalipima kwa kulinyanyua, wakaongeza mchanga mpaka likawa Fundi. Wakalifunga nyuma ya pikipiki. Bi Mizani, ambaye hakupenda kupakia kitu kisicho na adabu, akalivika koti la mumewe na helmeti yake. Waliokuwa wanapita pembeni ya uwanja walisalimia, "Fundi, leo mbona umenenepa?" Gunia halikuitika.

Bi Mizani akaziendea ndoo. Alipunguza, akatazama, akalala, na pikipiki ikazunguka taratibu kama kijiko ndani ya kikombe. Akarudia kwa upande wa pili. Hakuigusa ndoo hata moja. Akasimama, akazima injini, akageuka kulitazama lile gunia na koti lake.

"Kumbe si uzito," alisema.

"Si uzito," Kamanda akasema. "Mlete mwenyewe."

Fundi aliletwa jioni, jua likiwa limeshuka nyuma ya magoli. Alipanda bila furaha, kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Bi Mizani akaenda polepole kuelekea ndoo ya kwanza. Jua lilikuwa mgongoni mwao na kivuli chao kilitangulia mbele yao, kirefu, pale pale alipokuwa anatakiwa kutazama. Alipolala kushoto alikiona. Vichwa viwili vilivyokuwa kimoja vilifunguka kama mkasi. Chake kilikwenda kushoto. Cha mumewe kilikwenda kulia.

Alisimamisha pikipiki katikati ya uwanja.

"Fundi, unakwenda wapi?"

"Niende wapi, nimekaa."

"Nikilala kushoto, wewe unakwenda kulia. Nimekuona."

Fundi akasema, kama mtu anayekumbuka kitu alichokiweka mahali, "Nakusawazisha."

"Unanisawazisha kwa lipi?"

"Ndivyo mwili ulivyozoea. Mizani, kila kona wewe ulikuwa unakwenda upande wa pili. Tangu ile siku ya kwanza. Mimi nikilala kushoto, wewe unavuta kulia, na sanduku pamoja. Ningekuacha hivyo, tungelikuwa kwenye mtaro zamani. Nikajifunza kulala zaidi, nilipie na sehemu yako. Ukienda huku, mimi kule. Miaka yote hiyo. Sasa nikihisi umeinama tu, mwili unaondoka wenyewe, wala hauniulizi."

"Na hukuniambia."

"Nilikuambia siku hiyohiyo. Nilisema wewe ni mizani, upande mmoja ukishuka, wa pili unapanda. Ukacheka kwa furaha, ukanishika mkono. Ulikuwa mzuri sana. Ningeanzia wapi tena?"

Bi Mizani alishuka. Alitembea mpaka golini, akashika nguzo, akasimama pale amewapa kisogo. Kamanda akagundua kwamba ndoo zake zinahitaji kuhesabiwa haraka sana kule mwisho wa uwanja. Mtu akikuvua jina ulilolivaa nusu ya maisha yako, upepo unapita pabaya, na Bi Mizani aliusikia. Aliona haya kwa kila aliyemsimulia. Aliona hasira pia, na hasira ilikuwa na haki yake. Lakini kila alipotaka kuikamata vizuri ilimponyoka, kwa sababu nyuma yake alikuwapo mtu aliyelipia sehemu yake katika kila kona, mvua na jua, na hakuwahi kumdai.

Alirudi.

"Na Kiwiko je?" aliuliza. "Pale ni pakali. Ulilalaje zaidi ya pale?"

Fundi alipangusa helmeti kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi. "Pale kulala peke yake hakukutosha. Pale ndipo nilipokuwa nakuuliza."

"Unaniuliza nini?"

"Kama upo. Ukitaka kunijibu ilikubidi usogee, uje sikioni. Kichwa chako kikija begani kwangu, mwili unafuata, unaacha kuvuta. Nikaona hiyo ni njia isiyokutia hofu."

Hapo Bi Mizani alikaa chini, kwenye nyasi, na nguo zake nzuri. Jina lingeweza kwenda. Lakini lile swali alikuwa amelitunza kuliko dhahabu.

"Kwa hiyo hukuwa unauliza kama nipo," alisema. "Ulikuwa unataka nisogee."

Fundi alimtafuta kwa jicho lake moja mpaka akampata kule chini.

"Ningetaka usogee tu," alisema, "ningesema sogea."

Bi Mizani alimtazama. Machozi yalikuja na kicheko kikaja, vikakutana njiani, akabaki anavipangusa vyote kwa upindo wa kanga. Kamanda, kwa mbali, aliendelea kuzihesabu ndoo zake chache.

"Haya, inuka," Fundi alisema. "Utapata baridi."

"Nimeinuka. Sasa nisikilize, na wewe utaulizwa. Nikiuliza, unajibu kwenye sikio la upande tunakokwenda. Kona ya kushoto, sikio la kushoto. Ya kulia, la kulia. Umesikia?"

Fundi aligusa ukingo wa jicho lake la kulia. "Ya kushoto nitaweza," alisema. "Ya kulia, Mizani, kule sioni kitu. Ukiinama kulia mimi naona tunaingia shimoni. Nilikuwa naiona njia mbele yangu maisha yangu yote. Naogopa."

Katika ndoa yao nzima hakuwahi kulitamka neno hilo. Bi Mizani alimfunga mkanda wa helmeti chini ya kidevu, kama ambavyo mumewe alikuwa akimfungia zamani, akaukaza.

"Tangu leo kuona ni kazi yangu," alisema. "Wewe kazi yako ni kujibu."

Wakazizunguka ndoo. Mara za mwanzo Fundi alijibu kwa kuchelewa, au alijibu kwenye sikio silo, na pikipiki ikayumba kama mlevi anayetafuta kwao. Kamanda akarudi, akapiga filimbi yake ya sauti, akawatukana kwa upendo. Siku zilizofuata walikwenda tena na tena. Kivuli kikaacha kufunguka. Mazoea yana taabu, lakini taabu nayo ina mwisho ikipata watu wakaidi wawili.

Jumapili binti alitangulia kwa miguu. Alikuwa amesema atasimama Kiwiko mwenyewe, aone kwa macho yake, na alipofika alisimama ukingoni, kwenye yaleyale majani, mikono kifuani, na mkoba wa bendeji begani kwa lolote litakalotokea. Alifikiri amechagua mahali pazuri pa kuona, na kwa kuona palikuwa pazuri. Kwa kuonwa palikuwa pabaya kuliko pote. Mtu anayelala kona ile akipanda, macho yake yakiponyoka kidogo tu, yanaangukia palepale.

Bi Mizani alimwona kwa mbali. Alipunguza mwendo, akashusha gia. Alimwona mwanawe wa pekee, uso umekaza, kilemba chake cha rangi ya samawati kikipigwa na upepo wa korongo, na macho yake yote yalitaka kwenda pale, yamtazame, yamwambie usiogope. Nyuma ya mtoto kulikuwa na korongo. Pikipiki inakwenda macho yanakokwenda.

Akayang'oa. Akayapeleka kushoto, ng'ambo ya mwamba, kule barabara ilikokuwa inatokea, kwenye kipande cha lami kilichokuwa hakina mtu wala kitu. Ilimuuma kumwacha mtoto wake pembeni ya macho, lakini alimwacha.

"Upo?" aliuliza.

Kidevu kikatua kwenye bega lake la kushoto. "Nipo."

Pikipiki ikalala, na wote wakalala nayo, mke, mume na sanduku. Mafuta yalikuwa sawasawa. Mwamba ukapita, majani yakapita, na barabara ikawanyookea mbele kama mtu aliyekuwa anawasubiri siku nyingi.

Binti aliwakuta huko juu baada ya muda, anahema kwa mlima. Baba yake alikuwa tayari amekaa mbele ya cherehani, pua kwenye chuma, anazungusha gurudumu taratibu na kusikiliza, na washonaji watatu wakigombana nani anafuata. Alikuwa anawatania wote watatu kwa pamoja. Mama yake alikuwa anapanga vifungo kwenye kitambaa.

"Mama, hukunitazama hata kidogo," binti alisema, na sauti yake ilikuwa na kilio cha kitoto kilichopotea njia. "Nimesimama pale roho juu, umenipita kama mti."

"Ningekutazama, mwanangu, ningekuja kwako."

Binti alifikiri hilo, mkono kwenye mkoba wake wa bendeji. Kisha akauvua mkoba, akauweka chini ya meza, akakaa kumsaidia mama yake kupanga vifungo. Ya kuuza pikipiki hayakutajwa tena.

Kurudi, Kiwiko kiligeuka kuwa kona ya kulia, upande wenye giza. Bi Mizani alipunguza mapema zaidi. "Upo?" aliuliza. Hakusikia kitu. Alihisi mikono ya mumewe imekaza kiunoni mwake, lakini macho yake hakuyatoa kule walikokuwa wanakwenda. Kisha kidevu kikaja, kizito, bega la kulia, upande ambao mwenyewe hakuona kitu. "Nipo," alisema. Wakashuka salama.

Chini ya mlima barabara ilinyooka mpaka mjini, mashamba huku na huku, hakuna hata kipinda. Taa za kwanza za mtaa wao zilikuwa zimeanza kuonekana.

"Upo?" Bi Mizani akauliza.

"Mizani, hapa hakuna kona."

"Najua."

Fundi akasogea mbele, akaweka kidevu begani kwa mkewe, akamjibu sikioni.